Kikohozi Nyuma ya Mlango

Mwaya, Jumatano jioni

Lugano mwanangu,

Mizigo yako imefungwa na mama yako ameikagua mara mbili, kwa hiyo mimi sina kazi. Vyungu vya Ikombe amevizungushia majani makavu ya migomba, mkeka umekunjwa, na wapagazi wamekwisha kula. Mambo ya kuamka kabla ya jua, ya kuni, ya kumwamkia mama mkwe wako, umeambiwa wiki nzima na wanawake wanaoyajua kuliko mimi. Siyarudii. Nimekaa mezani pangu, na badala ya kuandika habari za leo katika daftari langu, kama nilivyofanya kila jioni tangu nilipokuwa shuleni ng'ambo ya ziwa, nimeona karatasi ya leo iwe yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya kazi yangu ya ukarani. Kwa Kinyakyusa ningeona haya, maana katika habari hii baba yako yumo bila nguo.

Usicheke bado. Kuna mahali pa kucheka, utapaona mwenyewe.

Umewahi kusikia kwamba wifi yako Sekela alivunja mlango wa Mzungu kwa shoka kule Tukuyu. Hapa Mwaya jambo hili linasemwa nusunusu, na akiingia mtu wa nyumba yetu wanabadili maneno. Wewe wakati ule ulikuwa misheni kwa wasichana, na uliporudi hakuna aliyekueleza. Mimi ndiye niliyepaswa kukueleza, nikawa naahirisha. Sasa unaondoka, na njia yako ya kwenda kwa mume wako huko Rungwe inapita Tukuyu. Kesho usiku utalala kwa kaka yako Gwakisa, utakula chakula alichopika Sekela. Sitaki ule chakula chake bila kujua.

Kuanzia sasa nawe utakuwa na baba mkwe. Utamwogopa kama wanawake wetu wanavyowaogopa baba wakwe zao: hutamtazama, hutalitaja jina lake, hutapita naye njia moja. Akikohoa nyuma ya migomba utajua anakuja, utajificha. Yeye naye atakohoa kusudi upate nafasi ya kujificha. Ndivyo tulivyoishi mimi na Sekela tangu siku Gwakisa alipomleta kutoka kwao Talatala.

Mwaka wa kwanza walikaa hapa kwetu. Siku moja nilikuwa natoka Ipinda kwa miguu, nimeshika karatasi ya bidhaa za duka, nasoma huku natembea. Nikasahau kukohoa. Penye kona ya shamba letu la mpunga nikasikia mtu akijitupa majini, puu! Nikaona mtungi unaelea, na mgongo wa mtu aliyejifunika nguo ya kaniki mpaka kichwani, amelala kifudifudi kwenye tope. Niligeuka nikarudi nilikotoka karibu kwa mbio.

Sekela alikuwa na mimba, ya kwanza. Baada ya siku chache ikaharibika.

Wanawake wakasema ni kwa sababu alikutana na mkwewe. Mimi ni mtu wa kanisani, sikuamini hivyo, na leo pia siamini. Lakini yeye aliamini, na hofu yake ilikuwa ya kweli kama jiwe. Tena waliomsema walimsema kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mzembe. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mambo ya wanawake hayanihusu. Mwishowe mama yako akaniuliza, "Siku ile wewe ulikohoa?"

"Sikukohoa."

"Basi wakaambiwe, na atakayewaambia ni wewe."

Nikawaambia. Lakini yale maneno ya kwanza yalikuwa yamekwisha kumfikia Sekela, na maneno yakifika kwa mtu aliyefiwa hayatoki yakaenda zake. Muda si mrefu Gwakisa akapata kazi ya upishi katika nyumba ya wageni kule Tukuyu, wakahama wote wawili. Sikumlaumu kwa kuhama.

Tangu hapo nikawa mkohoaji. Nilikohoa nikitoka ndani, nikikata kona, nikikaribia kisima, hata mahali ambapo Sekela hakuwepo na hangeweza kuwepo. Mama yako alisema, "Mume wangu, hata mbuzi wa jirani sasa wanajificha."

Nimekueleza haya ili uelewe yaliyofuata.

Masika moja tajiri yangu wa dukani alinituma Tukuyu kupatana na Bibi mwenye nyumba ile ya wageni habari za mchele na mafuta ya taa. Alikuwa Mzungu mjane, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Mvua ilininyeshea tangu Ipinda. Nilipofika kibarazani kwake, tope lilikuwa limenifika mapajani.

"Karani!" akasema. "Wewe mtu au udongo? Hapana kanyaga sakafu yangu!"

Nikasimama kwenye ngazi.

"Kwanza oga. Chumba cha kuogea kipya, beseni mpya, wageni hapana mpaka Jumamosi. Wewe jaribu. Halafu sema kama beseni inavuja."

Basi nikawa mtu wa kwanza kuoga katika beseni la Bibi. Nakuambia ukweli, nilifurahi kama mtoto. Lilikuwa beseni la bati, refu kama mtumbwi mdogo. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wake ukielekea uani, na kilinukia mbao mpya. Dirisha lilikuwa dogo, juu, nalo limezibwa kwa mbao na misumari kwa sababu kioo chake kilikuwa bado njiani kutoka pwani. Mlango ulikuwa wa mninga, mnene, wa kufungukia ndani, na ulikuwa na kitasa cha shaba chenye vishikio viwili, kimoja ndani na kimoja nje.

Gwakisa akaniletea maji ya moto, na jiko la makaa ili chumba kipate joto, maana unaijua baridi ya huko. Akaliweka pembeni, limewaka vizuri, jekundu tupu bila moshi.

"Baba," akasema, "Bibi amekwenda bomani, nami nakwenda kwa mchinjaji. Sekela yuko uani anafua. Nimemwambia kwamba upo."

"Nimekwisha kohoa."

"Tumesikia wote, baba." Kisha akainama na kusema polepole, "Tumbo limekuwa kubwa sasa. Safari hii mambo ni mazuri. Anaogopa, lakini ni mazuri."

Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga. Akatoka akauvuta mlango nyuma yake. Ule mlio wa kitasa kikijifunga niliusikia, nikaupenda. Ulikuwa mlio wa kitu kilichotengenezwa vizuri.

Niliingia majini. Sitakueleza zaidi, ila kwamba mtu aliyetembea kutoka Mwaya kwenye mvua akilala katika maji ya moto mpaka shingoni, anaweza kumsamehe kila aliyemkosea. Nikafumba macho. Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma, nikadhani ni njaa. Nikatoka, nikajifuta, nikajifunga kitambaa cha Bibi kiunoni, nikashika kile kishikio cha shaba nikakizungusha.

Kikabaki mkononi mwangu. Upande wa pili nikasikia kishikio cha nje kikianguka na chuma chake, kling, kling, kwenye mawe ya ngazi.

Unanijua. Sikufadhaika. Niliweka kishikio juu ya kigoda, nikachuchumaa, nikachungulia tundu. Nikajaribu kwa kidole, nikajaribu kwa kitana, nikajaribu kwa pini ya mkanda wangu. Nikauvuta mlango kwa kucha. Mlango wa kufungukia ndani hauna pa kuupiga bega. Nikapanda juu ya kingo za beseni nikajaribu zile mbao za dirisha. Fundi alikuwa amepigilia kama mtu anayeogopa chui. Niliposhuka ukuta ulikuwa unakwenda na kurudi.

Hapo ndipo nikatazama jiko. Sikujua vizuri, ila mwili ulijua kwamba hewa ya makaa yale ndiyo iliyokuwa ikiniua. Nikachota maji ya beseni nikayamwaga juu ya makaa yote kwa pamoja, na lile likawa kosa jingine, maana jivu na mvuke vilijaa chumba mpaka nikawa sioni mkono wangu. Nikaanza kukohoa.

Nilikohoa, Lugano, kama sijawahi kukohoa. Na huko uani, ambako muda wote nilikuwa nasikia nguo zikipigwa juu ya jiwe, mlio wa kufua ukakoma. Nikasikia miguu ikikimbia.

Nikakohoa tena, kwa sababu singeweza kujizuia. Miguu ikaenda mbali zaidi. Mlango wa jikoni ukafungwa.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nafanya. Nyumba nzima haikuwa na mtu ila yeye, na sauti yangu pekee iliyotoka ilikuwa ile niliyomfundisha mwenyewe kwamba maana yake ni kimbia. Nilikuwa namfukuza.

Niliita, "Gwakisa!" Hakuna. Niliita, "Bibi!" Hakuna. Jina la Sekela sikuliita. Nataka ujue sababu, nisije nikajifanya mtu mzuri. Sababu ya kwanza ilikuwa yeye: nilikumbuka lile shamba la mpunga, nikakumbuka tumbo ambalo Gwakisa aliniambia. Lakini sababu ya pili ilikuwa mimi. Niliona aibu. Mzee wa kanisa, karani, amefungwa bafuni kwa Wazungu na kitambaa kiunoni, anamwita mkamwana wake. Nilikaa chini kwenye sakafu nikaona afadhali kusubiri. Nilitaka kufa kwa utaratibu.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye na mama yako, ambaye Sekela alimweleza yote. Alikuwa amejificha nyuma ya gunia la mkaa jikoni, anasikiliza. Akajiambia, "Baba akikohoa hupita. Huyu hapiti. Anakohoa mahali pamoja." Akasubiri nipite. Sikupita. Basi akatoka polepole, akajitanda nguo usoni, akaja mpaka kwenye pembe ya nyumba akasimama nyuma ya ukuta. Palikuwa na kuku wa Bibi anaparua karibu ya ngazi.

Mimi nikasikia jiwe dogo likisogea, nikajua kuna mtu. Unafahamu watu wanaoogopana husemaje wakibanwa: husema na kitu kingine. Nami sikuwa na kitu kingine.

"Wewe beseni," nikasema kwa sauti, "ungekuwa na miguu ungekwenda kumwita Gwakisa."

Kwa mbali ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikisema nami wala karibu yangu:

"Wewe kuku, Gwakisa unamtakia nini? Gwakisa yuko kwa mchinjaji, na mchinjaji yule akipata mtu wa kuzungumza naye hamwachi."

"Beseni, kitasa kimeng'oka. Chuma chake kimeanguka nje, kwenye ngazi."

"Kuku, ondoka hapo nione. Ehe. Kipo."

"Beseni, mtu akikitia chuma hicho kwenye tundu akakizungusha, mlango utafunguka."

"Kuku, wewe mambo ya vitasa umejifunza wapi? Kwa mama yako mlango ulikuwa wa matete."

Nilicheka, mwanangu. Katika hali ile nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kikanilaza. Nikasikia chuma kikikwaruza tundu. Kikazunguka, krr, krr.

"Kuku, kinazunguka bure."

"Beseni, mwambie asukume ndani zaidi."

"Kuku, nimesukuma mpaka mwisho. Hakishiki kitu."

Nilitaka kusema jambo lingine juu ya chuma kile. Nilikuwa nalo kichwani, limepangika vizuri. Nikafungua mdomo nikasema, "Beseni," na neno la pili halikuja. Shavu langu lilikuwa kwenye sakafu, na sakafu ilikuwa baridi na nzuri.

"Kuku?" akasema nje. "Kuku, mbona beseni limenyamaza?"

Nilimsikia. Sikuweza.

"Kuku. Kuku!" Kisha kuku akawa hayupo tena katika maneno yake, akaniita baba kwa Kinyakyusa. "Tata! Tata, unanisikia? Tata!"

Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia nikiwa ndani.

Mama yako aliniambia kwamba Sekela alikwenda kwenye rundo la kuni akachukua shoka, na aliporudi mlangoni alisimama. Aliweka mkono tumboni. Alijua, jinsi alivyojua yeye, kwamba mlango ule ukifunguka huenda akampoteza mtoto wa pili kama wa kwanza, na kwamba hakuna atakayesema safari hii kwamba kosa ni la baba mkwe. Akamwomba Mungu, "Kyala, huyu wa ndani ya tumbo umenipa wewe, unaweza kumlinda wewe. Huyu wa ndani ya nyumba hana mtu ila mimi." Akavuta nguo ikamfunika uso mpaka akawa anaona miguu yake tu na kipande cha mlango. Akapiga. Alipiga penye kitasa mpaka mninga ukapasuka na kitasa kikaingia ndani. Akaingia kinyumenyume, akanipapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani, akanishika makwapa, akaniburura mpaka kwenye nyasi. Kitambaa cha Bibi kilibaki njiani. Akachomoa kwenye kamba shuka la kitanda alilokuwa amelifua, akanitupia bila kugeuka.

Nilipopata fahamu mvua ilikuwa inaninyeshea usoni. Karibu yangu palikuwa na mgongo. Mtu amekaa chini amenipa mgongo, amejifunika kichwa, anasema na kuku ambaye hakuwepo tena.

"Kuku, usilale. Nimesema usilale. Ukilala nitakuchinja. Kuku, nitakuchinja kweli, nitakupika na ndizi, usifikiri nakutania."

Nikakohoa.

Hakukimbia. Mgongo ule ulinyooka.

"Kuku," akasema, na sauti ilikuwa imejaa machozi, "kohoa tena."

Nikakohoa tena.

"Tena."

Tulikaa hivyo, mimi nakohoa naye anahesabu pumzi zangu kwa masikio, mpaka Gwakisa akatokea na nyama begani. Sekela alipomsikia mumewe akasimama akaenda zake jikoni, bila kugeuka hata mara moja. Bibi alipofika aliutazama mlango, akasema maneno ya kwao marefu. Kisha akanitazama mimi, wa rangi ya jivu, ndani ya shuka lake. Akaenda akaleta kahawa na akanishikia kikombe mwenyewe kwa sababu mikono yangu haikushika. Ndipo akauliza, "Karani. Beseni inavuja?"

"Haivuji, Bibi."

"Basi vizuri," akasema, akaufuta uso wake kwa aproni.

Hapo ndipo pa kucheka, kama unataka. Mimi nimecheka mara nyingi. Lakini wakati ule nilirudi Mwaya na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu kuzaliwa. Mimi niliyekuwa siamini nikawa naamka usiku nikifikiri juu ya mimba ile. Niliona kwamba mtu anaweza kukupa uhai wako kwa kuweka rehani kitu kilicho cha thamani kwake kuliko wewe, na wewe huwezi kumrudishia wala kumzuia. Mama yake Sekela alikuja kutoka Talatala akaenda kukaa naye. Alipita hapa kwetu. Nilimtegemea anitukane, na angekuwa na haki. Alisimama nje akamwambia mama yako kwa sauti ya kufika ndani, "Mwambie mzee ale vizuri, awe na nguvu. Binti yangu hakumbeba mtu ili afe wiki ijayo." Nikala.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga. Aliyeleta habari alianza kupiga kelele tangu mbali, na mama yako alikuwa amekwisha lia kabla hajafika. Ni Tusekile, huyo huyo unayembeba mgongoni akija, anayekuvuta nywele. Sasa unajua kwa nini simkemei hata akivunja kalamu zangu.

Nikataka kushukuru. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo shuleni hawakunifundisha. Mtu unamshukuruje ikiwa huruhusiwi kusimama mbele yake? Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema, rahisi kabisa, mambo haya ya kuogopana ni ya zamani, mwiteni mle naye meza moja, yaishe. Nilifurahi. Niliona ndiyo shukrani kubwa kuliko zote: nitamtoa katika kujificha. Nikamtuma Gwakisa akamwambie.

Jibu lake Gwakisa alilileta huku ameinamisha kichwa, anazuia kicheko. "Anasema hivi, baba. Anasema alifungua mlango kwa sababu ulikuwa unakufa. Sasa hufi. Umwache akuogope kwa amani."

Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa nimeandaa zawadi nayo imekataliwa. Ilinichukua muda kuona kwamba nilitaka kumshukuru kwa namna itakayonipendeza mimi. Heshima ile ni yake kama ilivyo yangu. Aliivunja alipoona lazima, na ilipokwisha lazima akaichukua tena, kama mtu anayeweka shoka mahali pake. Mimi nisingeweza hata mojawapo ya mambo hayo mawili. Mama yako, ambaye ana akili kuliko mimi na mchungaji pamoja, alisema, "Mpelekee kuku." Nikampelekea jike zuri, jeupe. Neno likarudi: "Amefika. Huyu sitamchinja, hata akilala." Wanawake wa hapa walicheka wiki nzima bila kujua wanacheka nini.

Lugano, wewe unafanana na mimi, si na mama yako. Ulipokuwa mdogo ulijikata mguu kwa jembe ukaufunga kwa jani, ukanyamaza, ukatembea vizuri mbele yetu mpaka mama yako akasikia harufu ya kidonda. Ulipobanwa kwa maswali ukasema hukutaka kusumbua. Nilikusifu siku ile. Nilisema mbele ya watu, "Tazameni, huyu ana uvumilivu." Nilikosea kukusifu, nami nimelifikiri kosa hilo kuliko mengi. Nilipokuwa nimelala sakafuni pale Tukuyu nilikuwa mtu yule yule aliyekusifu. Ungekuwepo ungeona jinsi uvumilivu ule unavyofanana na ujinga.

Huko uendako utapata homa, utapata njaa ya moyo, mume wako naye siku nyingine atakuwa mtu mgumu, maana kila mume huwa hivyo siku nyingine. Hutaruhusiwa kusema na kila mtu. Sema na beseni. Sema na kuku, sema na mtungi, sema na mtoto wa jirani, lakini sema kwa sauti, na mapema, kabla neno la pili halijakupotea. Mimi nilibahatika kwa sababu nje palikuwa na mtu anayesikiliza.

Na baba mkwe wako, mwogope. Sikukuandikia barua hii ili umzoee. Akikohoa, jifunike, ondoka, kama ulivyofundishwa. Ila ukiwa umejificha usizibe masikio. Sikiliza kama kikohozi kinapita.

Sina mengine ya kukufundisha. Mengine utanifundisha wewe utakapokuja kututembelea. Nashukuru kwa miaka uliyokaa katika nyumba hii. Nashukuru kwamba nipo hai kukupeleka mpaka kivukoni asubuhi, jambo ambalo kwa haki ya mambo lisingekuwepo.

Nina ombi moja. Kesho usiku ukifika kwa Gwakisa, mkiisha kula, msaidie wifi yako kuosha vyombo. Mkiwa peke yenu, mwambie baba anasema ndaga fijo. Salamu zangu za shukrani zimekwenda kwake kwa kuku, kwa mama yako, kwa Gwakisa, lakini hakuna aliyepewa maneno yenyewe ayapeleke kama yalivyo. Umwambie ukimtazama usoni, kwa niaba yangu, maana mimi mtu aliyeniokoa sijapata kumwona uso wake, na katika maisha haya sitauona.

Usiniandikie jinsi uso ulivyokuwa. Si haki yangu kujua. Niandikie tu kama alicheka.

Baba yako